Bomba Lililomtaja Mwizi

Sogeeni, na kabla hatujaanza kila mtu atazame amevaa nini miguuni. Msicheke. Hadithi hii imeanzia miguuni, na asiyejua amekanyaga nini hatatoa hukumu ya maana. Anayewasimulia amezunguka sana, kalala nyumba za wageni ambako bomba la kuogea lilimkaribisha kwa kofi la bega, akaapa chumba kina jini, akahama na taulo kiunoni. Kwa hiyo akimcheka mtu humu ndani, jueni amejicheka yeye kwanza.

Tabora, upande wa Ng'ambo, palikuwa na nyumba yenye ua mpana, na katikati ya ua bomba la chuma lililotegemewa na nyumba nzima. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuwena, mjane, mnene wa sauti, mwembamba wa imani. Kila mtu amepewa kipaji chake. Yeye alipewa kushuku. Muuza maziwa akimsalimia kwa uchangamfu, alijua maziwa yana maji. Akimsalimia kwa unyonge, alijua maji yamezidi. Fundo la kawaida kwake lilikuwa sawa na mlango wazi, basi akabuni fundo lake mwenyewe, la kupinda, kurudi na kujimeza. Mfuko wa mchele, gunia la mkaa, kamba ya mbuzi, vyote vilifungwa hivyo. Hakuna mtu mwingine aliyejua kulifunga, wala kulifungua bila kisu.

Barazani kwake alikaa Mzee Feruzi, fundi viatu, na kipaji chake kilikuwa miguu ya watu. Hakumtazama mtu usoni. Ukipita, salamu alikipa kisigino. "Pole na safari," atakwambia, nawe hujamweleza kuwa ulisafiri, maana vumbi la soli limeshamweleza.

Chumba cha uani alipanga Shija, fundi bomba, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alilala kifudifudi, akaweka sikio chini, akasikiliza maji yanavyopita ardhini, halafu akasimama na kusema, "Hapa." Ukichimba, ni hapo. Tatizo lake alipenda kusema na mengine mengi ambayo hayakuwa hapo.

Nyumba ya pili alikaa Mwasiti, fundi umeme, na kipaji chake kilikuwa kutomwamini mtu mpaka testa yake, ile bisibisi yenye kitaa, ijibu. Ukimwambia, "Fundi, umeme umekatika," anakuuliza, "Nani kasema?" Kwa tabia hiyo Bi Zuwena alimpenda, na kwa tabia hiyo hiyo alimshuku, maana alijua mtu wa namna hiyo huwaza nini.

Ndani ya nyumba alikuwemo Nyamizi, mke wa Hamdu, mwana pekee wa Bi Zuwena. Hamdu alikuwa dereva wa lori la tumbaku, nyumbani anaonekana kama mwezi wa kuandama. Nyamizi hakuwa na kipaji cha kuvumisha. Alikuwa na adabu tu, ile ya mkamwana anayeinama kidogo hata akipita na ndoo kichwani.

Sasa, Bi Zuwena alikuwa na mrashi wa fedha alioachiwa na mama yake: kile kichupa chenye shingo ndefu na matundu kichwani, cha kuwanyunyizia wageni marashi siku ya harusi. Mtaa mzima uliazima. Na kwa kuwa mtaa mzima uliazima, mtaa mzima ulijua upo. Na kwa kuwa ulijua upo, Bi Zuwena aliuhamisha kila mara. Mara chini ya godoro, mara ndani ya pipa la unga, mara sandukuni.

Asubuhi moja jirani akaja kuuazima kwa harusi ya bintiye. Bi Zuwena akafungua sanduku. Mrashi haupo. Akapekua unga. Haupo. Akainua godoro, akatoka uani kichwa wazi.

"Nimeibiwa!" alisema, na wote wakaja. "Haya, sikilizeni, na Mungu ni shahidi. Atakayenionyesha mwizi wangu, uso kwa uso, mrashi ni wake. Mimi siutaki tena. Kitu kilichotiwa mkono na mwizi mimi sikitaki!"

"Bi mkubwa, usiape kwa hasira," alisema Mzee Feruzi, akimtazama vidole vya miguu.

"Nimeshaapa!"

Hapo ndipo Nyamizi, ambaye ndoo yake ilikuwa imeanza kujaa, akanyoosha mkono kufunga bomba. Akaruka. Ndoo ikapinduka, maji yakatapakaa ua mzima.

"Mama! Bomba limenipiga!"

Bi Zuwena akatazama bomba, akamtazama mkamwana. Alisikia kitu kikigeuka moyoni mwake kama ufunguo kwenye kufuli. Akatembea taratibu, kandambili zikilia majini, akalishika bomba kwa mkono mzima. Kimya. Akalipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Mbona mimi halinipigi?"

"Mama, wallahi limenipiga."

"Shija, shika."

Shija, aliyekuwa ametoka kazini na mabuti yake ya mpira, akashika. Hakuna kitu. Mzee Feruzi akashika, na katambuga zake za tairi la lori. Hakuna kitu. Jirani wa harusi naye akashika, kwa ncha ya kidole, huku amefumba macho, mguuni kavaa yeboyebo. Hakuna kitu.

"Rudia wewe," Bi Zuwena alimwambia Nyamizi.

Nyamizi akarudia. Alilia kwa sauti, akaufuta mkono kwenye khanga, machozi yakamtoka. Kila mmoja alikuwa anaogopa kusema lile alilokwisha kuliamini.

Bi Zuwena ndiye aliyelisema. "Maji hayana upendeleo. Limewashika wote likawaacha, likamkamata mmoja. Bomba limemtaja mwizi."

Nawaomba msimwonee. Kwa mtu anayeshuku, ushahidi ni kama mvua kwa mkulima: ikinyesha haulizi imetoka wingu lipi. Kabla jua halijafika utosini alikwisha kumpigia simu kaka yake Nyamizi kule Urambo: njoo na pikipiki yako umchukue dada yako, na Hamdu akirudi nitamweleza mwenyewe. Akaingia chumbani kwa mkamwana, akatandika shuka, akakung'uta kila gauni, kila khanga, akitafuta kitu cha fedha. Hakukiona. Akavifunga vitu vyote furushi moja, kwa mkono wake, kwa fundo lake, ili kisiongezwe kitu njiani.

Nyamizi alisimama mlangoni akimtazama. Alisema mara moja tu: "Mama, kama ningeiba, ningebaki hapa kukuchotea maji?" Kisha akakaa kimya, na kimya chake Bi Zuwena alikihesabu kuwa ni hatia.

Sikilizeni sasa kazi ya Mzee Feruzi.

Alikuwa barazani, sindano mkononi, lakini haishoni. Nyamizi alipopita mbele yake kwenda kuaga jirani, mzee alimtazama miguu, kama kawaida. Nyayo tupu, zenye unyevu bado. Akaviona na viatu vyake pale mlangoni, vimepangwa vizuri, pua zimeelekea nje.

"Binti, hizi kandambili mbona huzivai uani?"

"Kwetu nimefundwa hivyo, babu. Huburuzi kandambili mbele ya mama mkwe. Ni kumkosea heshima."

Mzee Feruzi akaweka sindano chini. Akaingia uani akachechemea hadi kwa Bi Zuwena.

"Bi Zuwena, miaka yote hii sijawahi kuona kidole chako hata kimoja kikigusa ardhi. Unachota maji na kandambili, unafua na kandambili. Hivi hata bafuni unaoga nazo?"

"Naoga nazo! Nizivue ziondoke na nani?"

"Basi asubuhi kila aliyeshika bomba alikuwa na mpira mguuni. Wewe kandambili, mimi tairi, Shija mabuti, huyu mama yeboyebo. Peku alikuwa mmoja tu, tena peku kwa ajili ya kukuheshimu wewe. Bomba halikumtafuta mwizi. Limemtafuta asiye na viatu."

"Maneno ya fundi viatu," alisema Bi Zuwena. "Kila ugonjwa kwako dawa yake ni soli."

"Zivue, basi. Uguse kidogo tu."

Sasa, mtu wa kushuku ana udhaifu mmoja: hawezi kuvumilia kushukiwa. Bi Zuwena akazivua, akazishika kwapani, asije mtu akaondoka nazo, akasimama kwenye tope kwa nyayo zilizokuwa nyeupe kama unga. Akaligusa bomba kwa mgongo wa kidole.

Kandambili ziliruka upande mmoja na mwenye nazo upande mwingine. Alipopata pumzi alisema neno ambalo, kwa kuwa wajukuu wapo hapa, sitalirudia.

Huyo ni Feruzi. Bila jicho lake, Nyamizi angekuwa barabarani, na bomba lingekuwa kadhi wa mtaa mpaka leo.

Lakini Bi Zuwena, akiwa bado anausugua mkono, moyo wake ulikwisha kuhama. Kama si Nyamizi, basi kuna mtu kaliroga bomba. Na nani hushika mabomba ya nyumba hii? Akageuka polepole.

"Shija."

"Bi mkubwa, usinitazame hivyo. Umeme si kazi yangu. Mimi ni mtu wa maji." Naye kwa woga akakimbia nyumba ya pili, akarudi na mtu aliyekuwa anamkwepa siku zote, Mwasiti.

Mwasiti hakusalimia. Akaweka ncha ya testa kwenye bomba, taa yake ndogo ikawaka nyekundu mchana kweupe. Akaenda moja kwa moja kuzima swichi kuu. Akarudi, akagusa tena. Imezima.

"Nani kasema mmerogwa?" aliuliza. "Umeme umeingia kwenye bomba. Na asiwepo mtu wa kujaribu tena. Leo tope ni kidogo, bomba limekuchapa tu. Siku ya mvua kubwa, na mtu ametoka kuoga, lingemuua. Mnacheza na jeneza." Halafu akakunja uso. "Lakini kuna jambo silielewi. Nyumba hizi za zamani, waya wa ethi, ule wa kuteremsha umeme ardhini ukivuja, ulifungwa kwenye bomba la chuma linalotoka barabarani. Umeme ulitakiwa upite hapo ushuke zake ardhini. Mbona umekaa?"

Hiyo sasa ni kazi ya Shija.

Alilala kifudifudi pale penye tope, sikio chini. Akasogea kuelekea getini. Akasogea tena. Akatulia, na wote wakaona shingo yake ikibadilika rangi.

"Sauti inabadilika hapa," alisema. "Maji yakiwa kwenye chuma yanaimba. Hapa yananong'ona." Akakwangua tope kwa kidole. "Hapa si chuma. Hapa ni plastiki. Nimeweka mimi, Ramadhani iliyopita, chuma kilipoliwa na kutu."

"Mtu wa maji!" Mwasiti alipiga makofi. "Umekata njia ya umeme kwenda ardhini! Waya wa ethi umefungwa kwenye bomba linaloishia hewani!"

"Ni wewe!" alisema Bi Zuwena.

"Ni mimi," alisema Shija, tayari amechukua sururu na kuanza kuchimba, jasho na aibu vikimtoka pamoja. "Ningeweza kunyamaza mama, hakuna ambaye angejua. Lakini nikumbushe: nilikuja na kipande cha chuma kipya begani. Nani alinirudisha dukani?"

Bi Zuwena akaitazama sururu ikizama. Alikumbuka vizuri. Alikuwa amesema: "Weka plastiki. Chuma kipya getini wanunuzi wa vyuma chakavu watakichimba usiku."

Shija akachimba mpaka plastiki ikaonekana, nyeupe kati ya vyuma viwili vyekundu kwa kutu, kama jino la bandia. Huyo ni Shija. Bila sikio lake na ulimi wake uliokubali kosa, wangetafuta mchawi mpaka na wao wawe wachawi.

Ikabaki kazi ya Mwasiti.

Alipigilia fimbo ndefu ya shaba kwenye ardhi yenye unyevu, nyuma ya bafu, pale maji yanapomwagika kila siku. Akatoa waya wa kijani na njano. Akakwangua kutu, akalibana bomba la ua, akalibana bomba la bafuni, akabana na nguzo ya chuma inayobeba tangi la maji, vyote akavipeleka kwenye fimbo ile na kwenye kisanduku cha swichi kuu. Swichi yenyewe akaibadilisha, akaweka ile inayokata umeme ukivuja.

"Unafunga vyote hivyo vya nini?" Bi Zuwena aliuliza, akimfuata nyuma. Alikuwa na hakika anaibiwa waya.

"Navifanya ndugu wa tumbo moja. Vikiwa vimeunganishwa, umeme ukipanda kwa mmoja unapanda kwa wote. Ukishika bomba mkono huu na nguzo mkono huu, hakuna tofauti kati yao, kwa hiyo hakuna cha kukupitia wewe. Mtu hupigwa akiwa daraja kati ya vitu viwili visivyoelewana."

Nyamizi, aliyekuwa amerudi na kukaa juu ya furushi lake, aliinua uso aliposikia hivyo.

Mwasiti akawasha. Tak! Swichi ikajizima. Akawasha tena. Tak!

"Umeniharibia umeme!" alisema Bi Zuwena. "Nilijua!"

"Nani kasema? Sasa ndiyo imepona. Zamani umeme ulivuja ukakaa bombani unasubiri mtu. Sasa una njia ya kukimbilia ardhini, na swichi inaona inakata. Inatuambia mvujo upo. Tuutafute."

Akazitenga nyaya za vyumba, mmoja mmoja. Sebule, haina kosa. Jikoni, hakuna kosa. Alipotoa waya wa bafuni, swichi ikakaa. Akaizima swichi kuu, akaegemeza ngazi, akainua ubao wa dari ya bafu, akaingiza kichwa na tochi. Wakasikia anacheka peke yake juu huko.

Mkono ukateremka. Umeshika soksi ya kijivu ya Hamdu, iliyotoboka kisigino na kidole. Kwenye tundu moja imechungulia shingo ndefu ya fedha. Kwenye tundu jingine, kitako.

"Ulikuwa umechomekwa kati ya waya wa hita, ile ya kuchemshia maji ya kuoga, na bomba," alisema Mwasiti. "Pale waya ulipoungwa, tepu imechakaa, na hita ilipopata moto leo asubuhi imeachia. Shingo imelalia waya, kitako kimeegemea bomba. Fedha inapitisha umeme vizuri sana, mama. Daraja la kifahari."

Hakuna aliyeutazama mrashi. Wote walikuwa wanatazama mdomo wa soksi. Ulikuwa umefungwa kwa uzi, kwa fundo la kupinda, kurudi na kujimeza.

Bi Zuwena akakaa juu ya ndoo. Ikamrudia yote: ile siku mafundi rangi walipoingia mtaani, akautoa sandukuni, asiuamini unga, asiliamini godoro, akapanda kwenye kiti bafuni na kandambili zake. Aliuficha vizuri mno. Aliuficha mpaka kichwa chake mwenyewe kikausahau.

"Haya, bi mkubwa," alisema Mzee Feruzi kwa upole. "Uliapa. Atakayekuonyesha mwizi, uso kwa uso."

"Mimi nimemshika na soksi yake," alisema Mwasiti. "Nani mwingine aliyeuona mrashi? Fundo hilo hapo. Kuna ushahidi gani unaozidi huo?"

"Ungefikaje darini kama ningekuacha ukiamini bomba ni chuma kitupu mpaka barabarani?" alisema Shija. "Mimi nimeonyesha mahali njia ilipokatika. Tena nimejitaja mwenyewe. Humu uani nani mwingine leo amejitaja?"

"Aliyevunja sahani hapewi zawadi kwa kuonyesha vipande," alimjibu Mwasiti.

"Na wewe mtu wa nyaya, nani alikuita? Si mimi?"

"Mimi niliwatangulia wote," alisema Mzee Feruzi. "Wote mliamini bomba. Mimi niliamini miguu. Mwizi wa bi mkubwa nilimwonyesha mchana: ni aliyesimama ndani ya zile kandambili."

"Ulishika bomba asubuhi ukaiona miguu ya huyu binti," alisema Shija. "Mbona ulinyamaza mpaka furushi lilipofungwa?"

Mzee akatazama vidole vyake mwenyewe.

Na Bi Zuwena, kwa mazoea, moyo ukaanza tena. Labda Mwasiti ameupachika yeye. Labda Shija. Labda wamepanga. Akautazama uzi ule, fundo lile, na kwa mara ya kwanza maishani hakupata mtu mwingine wa kumshuku. Ilikuwa kama kutafuta miwani huku umeivaa.

Akasimama, akaenda kwa Nyamizi na mrashi mikononi.

"Mwanangu. Basi uchukue wewe. Wewe ndiye uliyepigwa. Kila ulipolia ulikuwa unasema kweli."

"Mimi sikuonyesha mwizi, mama. Mimi nilionyeshwa kuwa mwizi." Sauti yake haikupanda. "Usinipe ili ninyamaze. Hawa wamefanya kazi, na wewe uliapa mbele ya watu. Mpe anayestahili. Nataka nikuone unamtazama mtu, unapima alichofanya, unaamua. Tangu nimeolewa hapa sijakuona ukimtazama mtu bila kumtafutia kosa. Ukiweza, nitabaki. Ukimpa yeyote tu ili yaishe, kaka yangu yuko njiani."

"Basi angalau fungua furushi, mwanangu, uvae viatu."

Nyamizi akashuka juu ya furushi, akalisukuma kwa mguu wake mtupu mpaka mbele ya kandambili za mama mkwe.

"Silifungui mimi. Fundo ni lako."

Kwa mbali, upande wa barabara ya Urambo, ikasikika pikipiki.

Bi Zuwena amesimama mpaka sasa, mrashi mkono huu, mkono huu juu ya fundo. Yuko Feruzi aliyeiona miguu, ila alichelewa. Yuko Shija aliyelisikia kosa, ila lilikuwa lake. Yuko Mwasiti aliyeufikia mrashi, ila kwa njia waliyomfungulia wenzake. Mrashi ni mmoja na haukatiki vipande. Ninyi mlio hapa, wenye viatu na wa peku, pikipiki hiyo inakaribia: mngekuwa na mkono ule, mngempa nani, ili fundo lile lifunguke?